Moldi ya kaboni faiba nyumbani: MDF, plasta au printa ya 3D?

Gia_Tano
Wakuu, habari za kazi. Nataka kuanza kutengeneza vitu vya kaboni faiba hapa nyumbani. Kitambaa ninacho, resini ninayo, kimebaki moldi, yaani umbo la kulazia kitambaa. Jumamosi naingia dukani, na nimebakiza mambo matatu: MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa), plasta, au nichapishe moldi kwa printa ya 3D ya jamaa yangu. Ipi ni nafuu na haitaniangusha? Naomba majibu ya haraka.

MzeeMsasa
Haraka ya nini, kijana? Unatengeneza nini? Kikubwa kiasi gani? Kimoja au ishirini? Resini ni epoksi au poliesta? Unapaka kwa brashi tu au una pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa? Usipotaja hayo, kila mtu atakupa anachokipenda yeye.

printa_haizimwi
Printa, tufunge uzi. PLA, ile plastiki ya printa, inatosha kabisa kwa epoksi inayokauka bila kupashwa moto. Puliza praima nzito, piga msasa hadi namba 800, paka nta, laza kitambaa. Ila mistari ya printa usipoimaliza, kaboni itaichukua yote, utaihesabu kwa ukucha.

MzeeMsasa
Na umwambie PLA inalegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. Akiianika juani ikiwa na kitambaa cheusi juu yake, ataikuta imepinda.

Dada_Epoksi
Mimi niongelee plasta maana iliwahi kuniliza. Nilimwaga moldi ya kifuniko kidogo cha pikipiki, nikaiacha siku 4. Juu ikawa nyeupe, kavu, nikigonga inalia kama kigae. Nikapaka vanishi mikono miwili, nta, kisha PVA (utando wa kuzuia resini isishike moldi), nikalaza tabaka 3 za kaboni na kufunika kwa boksi lenye balbu ndani ili ipate joto. Kumbe katikati plasta ilikuwa bado mbichi. Usiku ule unyevu ukatafuta pa kutokea. Asubuhi vanishi imefura malengelenge, PVA, ambayo kawaida yake huyeyuka kwa maji, imegeuka ute, na epoksi imeng'ang'ania plasta yenyewe. Nikaingiza kabari za mti, wapi! Nikashika nyundo. Plasta ikatoka vipande vipande, kifuniko nacho kikatoka na ganda jeupe mgongoni na ufa pembeni. Nimekwangua siku mbili, ya tatu nikakitupa. Plasta ikauke mpaka uzito wake uache kupungua, la sivyo achana nayo.

kabari77
Pole dada, ila hapo PVA ndiyo iliyokuponza. Mimi napaka nta tupu, mikono 6, kila mkono naufuta hadi ung'ae na kuusubiri saa nzima. PVA inaacha michirizi.

Dada_Epoksi
Moldi mpya bila PVA? Siku nta itakaporuka sehemu ndogo kama ukucha, njoo utusimulie hapa.

kabari77
Haijawahi kuruka.

MzeeMsasa
Hilo lenu mkamalizane pembeni. Mleta mada yuko wapi?

Gia_Tano
Nipo, nilikuwa kazini. Ni madigadi ya nyuma ya pikipiki. Moja tu, labda mbili kama rafiki zangu wakiipenda. Resini mkebe umeandikwa poliesta. Pampu sina. Halafu kingo zake zimekunjwa kwa ndani pande zote mbili, sijui kama hilo lina shida.

MzeeMsasa
Hilo ndilo lilitakiwa kuwa sentensi yako ya kwanza! Kingo zikikunjwa kwa ndani, moldi ya kipande kimoja haikuachii kitu. Unahitaji ya vipande viwili vinavyokazwa kwa bolti katikati. MDF ni nzuri kwa vitu bapa, madigadi yenye tumbo utaichonga mpaka uchoke. Na poliesta usiilaze juu ya stairofomu, stairini iliyomo inaila. Madigadi ya zamani unayo? Basi hiyo ndiyo kiolezo. Ing'arishe, nta, PVA, gelikoti (tabaka la kwanza la resini nzito), halafu faibaglasi yenye unene mara mbili au tatu ya kile utakachotengeneza. Poliesta yako itumie hapo. Kwa kaboni nunua epoksi, inashika nyuzi vizuri zaidi.

Gia_Tano
Ninayo, ila imepasuka na kipande kimoja kilipotea njiani.

kabari77
Puti na msasa.

printa_haizimwi
Au uchapishe hicho kilichopotea ukigundishe 😀

MpitaNjia
Samahani, kwa nini isiwe faibaglasi yote? Kwenye madigadi kaboni itakupunguzia uzito kiduchu tu.

Gia_Tano
Mkuu, nataka ile misuko ionekane.

Dada_Epoksi
Kumbe urembo! Sawa, ila ukikata vaa barakoa na mikono mirefu, vumbi lake linawasha siku nzima. Tena linapitisha umeme, usikatie karibu na printa ya watu.

printa_haizimwi
Asante kwa kunitetea.

Gia_Tano
Nimewasoma wote. Sasa, kompresa ya friji bovu inaweza kuvuta vakyumu? Mota yake bado inanguruma.

kabari77
Inavuta, polepole, na inatema mafuta. Yangu nimeifungia chupa ya kuyakinga.

MzeeMsasa
Friji tena? Epoksi umenunua?