Mnaoagiza vitu onlaini, mnalipa kabla au baada?

binti_wa_mkomani
Asalaam aleikum jamani. Mtoto wa khalati yuko Leicester huko Uingereza anaagiza kila kitu kwa simu mpaka sabuni ya vyombo, nikamuuliza kwani maduka hamna, akanambia yako hapo nje ila hana wakati, na kiatu kisipomtosha anarudisha anapewa pesa zake. Mimi huku Amu (Lamu) naagiza kwa sababu nyengine kabisa, kitu madukani hakuna. Juzi nimetafuta abaya ya saizi yangu mji mzima sikupata, nikaona muuzaji Instagram yuko Nairobi, nikatuma pesa M-Pesa, imekuja baada ya wiki mbili rangi siyo, kitambaa kama chandarua, nikipiga simu hashiki. Imeniuma sana, zile pesa nilikuwa naweka kidogo kidogo za harusi ya ndugu yangu. Nyinyi mwafanyaje?

kijana_wa_gatini
Waaleikum salaam dada, pole sana. Sisi wa Amu bei si ile ya kwenye simu. Mzigo uje na basi mpaka Mokowe, ulipe boti, halafu ukifika gatini ulipe punda au mkokoteni manake gari haiingii mitaani. Nguo naagiza lakini friji nimeifuata mwenyewe Mombasa, nimeiona inawashwa ndo nikatoa pesa.

mama_wa_malindi
Silipi kabla mimi. Nafungua naangalia ndo nalipa, muuzaji hataki namwachia na mzigo wake. Ile ya kutuma meseji ya M-Pesa kwa 456 urudishiwe pesa ni ukikosea namba, mwanangu, usitegemee itakurudishia kwa muuzaji mwongo.

mpwani_ughaibuni
Binamu yako asema kweli. Huku Uingereza kuna sheria ya 2013, ukinunua onlaini una siku 14 tangu upokee za kubadili nia bila kutoa sababu, isipokuwa vitu kama vya kushonewa maalum. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, mzigo usipokuja waweza kuidai benki yenyewe. Ndo maana watu wanunua bila wasiwasi. Kwetu Amu mwenye duka mwajuana, ukimrudishia kitu kibovu atakuonea haya, lakini huyo wa Nairobi hakujui wala humjui.

binti_wa_mkomani
Shukran nyote. Basi natafuta muuzaji atakayekubali nilipe mzigo ukifika Mokowe. Abaya nyeusi, saizi 58, harusi ni mfungo mosi, mwezi baada ya Ramadhani. Mwenye kumjua muaminifu anambie tafadhali.