Naomba ushauri: mkono wangu wa kuchora umekwama na mwisho wa mwezi unakaribia

Penseli_ya_Manyatta
Wadau, habari za jioni. Mimi ni kijana wa hapa Kisumu, nachora sura za watu kwa penseli. Nilianza nikiwa shule ya msingi na sasa nalipwa: siku za kuzaliwa, harusi, na sana sana picha za marehemu za kuwekwa kando ya jeneza. Kazi ikishakamilika watu huipenda. Shida yangu ni moja. Nikikaa mbele ya mtu mwenyewe, aliye hai, mkono unagoma. Jicho moja linapanda, pua inahama, taya linakuwa la mtu mwingine kabisa. Nataka kuboreka kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna zoezi la haraka, au aina fulani ya penseli, au video ambayo mtu akifuata atafika? Usingizi umeniruka.

Nyar_Dunga
Pole sana kaka. Mimi sichori, lakini kijana wangu alichagua somo la sanaa na babake akawaka moto, eti hiyo si kazi. Tulivutana nyumbani muhula mzima. Leo huyo huyo baba ndiye anayewaonyesha wageni michoro ukutani. Kwa hiyo usikate tamaa, wazazi hubadilika.

BodaWaKondele
Omera, njoo steji yetu Kondele. Kuanzia saa nne asubuhi abiria huwa wachache, tumekaa tu juu ya pikipiki. Utachora mpaka uchoke. Ila mimi unitoe bila kitambi.

MwalimuMstaafu
Kijana, swali lako limeanza kwa mguu mbaya. Unataka zoezi la haraka. Mzee Elimo Njau, yule aliyechora kuta za kanisa kuu la Murang'a miaka ya 1950 na kuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alikuwa mkali sana juu ya kuiga. Alitaka msanii aone kwa macho yake mwenyewe. Vijana mnaishi kwa kuangalia simu, halafu mnashangaa mkono unapogoma mbele ya binadamu.

Jicho_la_Nakuru
Mwalimu shikamoo, lakini hapo sikubali yote. Kuiga kwa jicho ni shule. Vincent van Gogh alipoamua kuwa mchoraji mwaka 1880 alikuwa na miaka 27, na alianza kwa kunakili mabamba ya mazoezi ya Charles Bargue, yaani kurasa za michoro ya kuigwa na wanafunzi, yale yaliyochapishwa Ufaransa kuanzia miaka ya 1860. Aliyarudia. Unatazama bamba, unapima, unachora kando, unalinganisha, unaona ulipokosea. Hakuna aliyemkataza.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Sawa, lakini yeye alirudia. Huyu wetu ana tarehe.

FundiWaMabango
Mimi naandika mabango na kuchora kuta za maduka, kazi ya miaka mingi. Penseli, kabla sijakushauri nijibu mambo mawili. Hizo sura ambazo watu huzipenda, unazichoraje? Na mwisho wa mwezi kuna nini?

Penseli_ya_Manyatta
Nachora kutoka kwenye picha za simu, kama kila mtu. Mwisho wa mwezi kuna kazi tu.

FundiWaMabango
"Kama kila mtu" si jibu. Unachora kwa jicho, kwa miraba, au unaweka karatasi juu ya picha na mwanga chini?

Nyar_Dunga
Na kazi gani hiyo ya kukunyima usingizi? Sema tu ndugu yangu, hapa hakuna anayekujua.

Penseli_ya_Manyatta
Haya. Picha naichapisha saiba kwa ukubwa wa karatasi yangu, naibandika kwenye kioo cha dirisha mchana, naweka karatasi juu na kufuatisha. Usiku natumia kioo cha meza na taa chini yake. Lakini vivuli vyote ni vyangu, nywele ni zangu, mng'ao wa macho ni wangu. Hiyo ndiyo kazi kubwa, mistari ni mwanzo tu.

Mwisho wa mwezi kuna harambee ya paa la kanisa. Kamati inataka nimchore mzee mmoja anayeheshimika sana, amekaa kitini mbele ya watu wote, halafu mchoro upigwe mnada palepale. Waliona picha ya marehemu niliyomchorea shemeji yake, wakasema huyu kijana ndiye. Nusu ya malipo nimeshapokea.

MamaWatatu_Kakamega
Mwanangu, rudisha pesa ya kanisa leo. Pesa ya kanisa haichezewi. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, najua shilingi ya madhabahu inavyomfuata mtu.

BodaWaKondele
Kumbe! Mimi nilidhani ni msichana anataka kuchorwa.

Penseli_ya_Manyatta
Mama, nimeshanunua karatasi nzito na penseli mpya kwa hizo pesa, siwezi kurudisha. Na tafadhali msinione mdanganyifu. Mpango upo. Bintiye mzee amenipa picha yake nzuri, nimeshafuatisha muhtasari wote kwa penseli ya 4H, mwepesi sana. Mtu aliye hatua mbili hauoni. Siku hiyo nitakaa mbele ya mzee nijaze vivuli. Mkono utakaochora ni wangu, na mzee atatoka anafanana. Hata Albrecht Dürer wa Ujerumani alichapisha mwaka 1525 picha ya mchoraji anayemchora mtu aliyeketi kwa kumtazama kupitia kioo. Vifaa si dhambi. Ninachoomba ni mazoezi ya kunipa ujasiri tu, ili mkono usitetemeke.

MwalimuMstaafu
Umekuja kuomba ushauri ukiwa umeshaamua.

FundiWaMabango
Mwalimu, mwache, tuzungumze kazi. Penseli, Dürer umemsema sawa, ila kile kioo kilisimama mbele ya macho ya aliyekaa na aliyechora. Mimi pia napiga miraba ukutani kwa uzi wa chaki, mwenye duka amesimama hapo anatazama, watoto wanahesabu vyumba. Hakuna aliyewahi kuniona mwongo.

Sasa sikiliza kuhusu hiyo 4H, maana naona hujaijua vizuri. Risasi yake ni ngumu. Hata ukipitisha kwa upole, inachimba karatasi. Ukija juu yake na 4B, risasi laini inaruka ule mfereji, na mstari unabaki mweupe katikati ya kivuli. Chukua kipande cha karatasi hiyo hiyo, fuatisha kwa 4H, paka 4B juu, uinamishe kwenye mwanga wa pembeni. Utaona muhtasari wote wa mzee umerudi kwa rangi nyeupe. Anayepiga mnada atauinua mchoro juu, dirisha likiwa ubavuni mwake.

La pili. Picha ya bintiye ilipigwa kwa simu, bila shaka kwa karibu. Kwa karibu pua hukua na masikio hurudi nyuma. Mzee siku hiyo atakuwa mbali nawe hatua kadhaa, pua yake ya kawaida, masikio yake mahali pake, mwanga ukimpiga upande mwingine. Utajaza vivuli gani, vya picha au vya mzee? Watu wataangalia yeye, waangalie karatasi, waangalie yeye.

Na ukweli wenyewe ni kwamba dirisha limekuficha. Kila ulipofuatisha, kosa lako la kupima halikupata nafasi ya kuonekana, kwa hiyo hukulirekebisha. Vivuli vyako vimekua, jicho limebaki pale ulipoanza. Ndiyo maana mtu hai anakutisha. Mkono hauna ugonjwa wowote.

Jicho_la_Nakuru
Fundi umemaliza. Niongeze la kupima tu: nyoosha mkono wote, kiwiko kisikunjike, funga jicho moja, shika penseli wima. Ncha iwe utosini, kidole gumba kishuke mpaka kidevuni. Hicho ndicho kipimo chako. Nusu yake ni mstari wa macho, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuyapeleka macho juu mno, wakidhani paji la uso ni dogo na kusahau fuvu lililofunikwa na nywele. Kiwiko kikikunjika hata kidogo, kipimo kinabadilika na kazi yote inaharibika.

ShahidiWaMacho
Samahani wadau, mimi naona tunapoteza muda. Hii hadithi imepikwa. Mtu anayelipwa kwa sura za watu, anayemjua Dürer na mwaka wake, halafu hajui 4H inachimba karatasi? Na uzi unaofanana na huu nilishausoma, huo ulikuwa wa harusi Nakuru na bwana harusi. Kijana, kanisa ni lipi? Mzee ni nani?

Penseli_ya_Manyatta
Siwezi kutaja kanisa. Mzee akijua nimeandika hapa itakuwaje? Dürer nilimpata kwenye intaneti jana usiku nikitafuta kama wakubwa nao walifanya hivi.

ShahidiWaMacho
Kwa hiyo ulitafuta utetezi kabla ya kutafuta mazoezi. Haya, thibitisha. Chora mkono wako wa kushoto sasa hivi, umeshika kijiko, bila dirisha wala taa. Andika jina lako la hapa kwenye kona.

MamaWatatu_Kakamega
Hata kama imepikwa, mimi nimejifunza. Kwetu kuna fundi wa nguo alimshonea bibi harusi gauni kwa kuangalia picha tu, bila kumpima. Siku ya harusi zipu haikufunga, wakamzungushia leso. Nilikuwepo.

Nyar_Dunga
Shahidi, na wewe usimkaange mtu. Kama ni uongo, amepata faida gani?

Penseli_ya_Manyatta
[picha imeambatishwa] Huu hapa. Sikufuta kitu. Najua ni mbaya.

ShahidiWaMacho
Mkono wa mtu yeyote huo. Jina mtu huandika.

FundiWaMabango
Shahidi, tazama tena. Huu umechorwa kwa jicho, naona alivyotafuta mstari wa kifundo mara kadhaa kabla ya kutulia.

Penseli, kucha zote umezichora zikitazama mbele, hata ya kidole gumba, na kidole gumba hakikai hivyo. Umechora unachokijua kuhusu kucha, hukuitazama ile iliyokuwa mbele yako. Kijiko umekitoa kirefu kuliko kiganja kwa sababu ulianza na ncha bila kuweka umbo lote kwanza. Lakini angalia ngozi iliyokunjamana kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Pale uliona. Kivuli kimeingia mahali pake, ukaacha nyama ikajivimbisha yenyewe bila kuizungushia mstari. Hilo halifuatishwi dirishani. Mtu mwenye kipande kile ana jicho, ila amelinyima kazi.

Kila siku chora huo mkono kabla ya chai. Badilisha unavyokaa, ushike kikombe, ushike ufunguo. Anza na umbo kubwa, pima, ndipo uingie ndani. Usifute. Mstari uliokosea uache hapo hapo, uchore wa pili kando yake, ili uone umetoka wapi. Halafu nenda steji kwa huyu wa Kondele uchore watu waliokaa, dakika chache kila mmoja, bila sura, mabega na mgongo tu.

BodaWaKondele
Bila sura ni sawa, kitambi ndicho tatizo.

Jicho_la_Nakuru
Na ile picha ya bintiye, igeuze kichwa chini uichore kwa jicho. Ubongo hautakuambia "hii ni pua", utalazimika kufuata umbo na nafasi zilizo katikati ya maumbo. Halafu kabla ya kupaka kivuli, finya macho mpaka sura ibaki mabaka mawili, giza na mwanga. Hayo mabaka ndiyo mfanano, kuliko kope.

Penseli_ya_Manyatta
Asanteni, naandika yote. Lakini wadau, mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Mkono wa kijiko hautanifikisha kwenye uso wa mzee mbele ya kanisa zima.

FundiWaMabango
Hautakufikisha, ni kweli, na mtu akikuambia utakuwa bingwa kwa muda huo anakuuzia kitu. Lakini kuna maandalizi ambayo hujayataja. Mzee yupo hai. Nenda kwake jioni, umsalimie, umwambie unataka kumzoea kabla ya siku yenyewe. Atakaa kitini kwake, atakupa hadithi, wewe chora. Nenda tena. Siku ya harambee utakuwa umeshajua taya lake linavyokaa akinyamaza, na sikio lipi limesimama zaidi. Hata karatasi ya harambee ukiipigia miraba wazi, umwambie mshereheshaji aeleze watu ni ya nini, watafurahi kuona kazi inavyojengwa.

MamaWatatu_Kakamega
Hapo sasa. Na ubebe sukari, usiende kwa mzee mikono mitupu.

ShahidiWaMacho
Kama mzee yupo.

Penseli_ya_Manyatta
Yupo, anakaa Kajulu. Hilo la kwenda kwake halikunijia, niliona nitamsumbua. Nitampigia bintiye kesho. Ila ile karatasi ya 4H siichani, nikikwama nitakuwa nayo.

FundiWaMabango
Usiichane. Ila ukienda Kajulu iache nyumbani, beba karatasi za kawaida nyingi.

BodaWaKondele
Kajulu nakupeleka mimi, mafuta juu yako. Na ukimaliza kwa mzee, nami nimeshanyoa.

Nyar_Dunga
Penseli, ukirudi tuonyeshe ya kwanza, hata ikiwa mbaya. Na hizo penseli laini unanunua wapi hapa mjini? Kijana wangu amebaki na HB peke yake.