Naomba ushauri: kwenda Mbeya na familia kwa gari la kuazima lenye vitanda na jiko
Ndugu zangu, shemeji yangu wa hapa Dar es Salaam amekubali kutuazima gari lake kubwa lenye vitanda, jiko la gesi na tangi la maji, nasi tunakusudia kwenda nalo Mbeya pamoja na watoto na mama mkwe, ambaye magoti yake hayavumilii kukaa basini kutwa nzima. Kinachonitia hofu zaidi ni mlima Kitonga: gari ni zito, nami nimezoea gari dogo la mjini, hivyo naomba mnieleze namna ya kutumia gia tutakapouteremka wakati wa kurudi, ili breki zisipate moto kupita kiasi. Mtungi wa gesi nitaufunga muda wote wa mwendo. Je, ni wapi Mikumi au Iringa tunaweza kuegesha na kulala, penye mlinzi na choo? Na zaidi ya kadi ya gari na bima, nichukue barua ya mwenye gari?