Vijana mnaowafukuzia hawatazami taarifa ya saa moja, na sisi tunaoitazama mmetuchoka

Wadau, hili jambo nimelivumilia kiasi cha kutosha. Leo nalitoa.

Kuna kituo kimoja cha televisheni hapa Kenya, sitakitaja, kilichokuwa na msomaji wa taarifa ya Kiswahili ya saa moja jioni. Mama mtu mzima, sauti imetulia, hesabu za mabilioni anazisoma bila kujikwaa, jina la kijiji cha Tana River analitamka anavyolitamka mwenyeji. Nimemsikiliza tangu niko shule. Siku moja tukafungua, hayupo. Kesho yake hayupo. Hakuna kwaheri, hakuna "mwenzetu amestaafu", hakuna hata asante ya sekunde kumi. Mahali pake wamewekwa vijana wawili wanaotembeatembea mbele ya skrini kubwa, taarifa imepewa jina jipya na midundo ya kuifungulia. Nilipouliza kwenye ukurasa wao nikajibiwa kwamba wanabadilika kulingana na hadhira changa.

Hadhira changa ipi hiyo, jamani?

Najua hesabu wanayoishikilia. Sensa ya 2019 ilionyesha robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Sawa. Lakini toa humo watoto wa chekechea, toa wa msingi, toa walioko mabweni. Wanaobaki, saa moja jioni wako wapi? Wako kwenye foleni ya feri, wako ndani ya matatu, wengine ndio wanaingia zamu ya usiku, na simu iko mkononi. Binti yangu yuko chuo. Habari ikitokea saa nane mchana, saa nane na dakika tano ameshaiona, ameshabishana nayo na wenzake. Hata mumweke msomaji wa miaka 20 mwenye kofia ya mtindo, hatakaa sebuleni kusubiri aambiwe asichokijua.

Na kinachoniuma zaidi ni jinsi wanavyowadharau hao vijana wenyewe. Wanadhani kijana anataka taarifa fupi, video iliyosambaa mtandaoni, nani kaachana na nani. Mmesahau mwaka 2024? Mswada wa Fedha ule wa kupandisha kodi vijana waliukalia wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua TikTok na X, wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili mama zao waelewe. Tarehe 25 Juni wakafika mpaka ndani ya Bunge, na kesho yake Rais akatangaza hatautia saini. Hao ndio mnaoona hawawezi kustahimili habari ya dakika nne? Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa, sikusikia kijana hata mmoja akilalamikia umri wa mtangazaji. Walitaka picha irudi. Kijana anaifuata habari ikiwa ni habari.

Sasa turudi kwa wanaotazama kweli. Baba yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Televisheni anaisikiliza zaidi ya anavyoiona. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei za mafuta, na yeye hukaa pale kochini kusubiri bei ya mafuta ya taa, maana jiko lake ni la mafuta ya taa. Yule mama alikuwa anasoma: petroli kiasi hiki, dizeli kiasi hiki, mafuta ya taa kiasi hiki, Mombasa, Nairobi, Kisumu. Siku hizi? "Bei mpya ni kama mnavyoziona hapo kwenye skrini." Sekunde tatu, picha imepita. Mzee anageuka kuniuliza, "Amesema ngapi?" Hajasema! Halafu anaambiwa askani kwa simu msimbo wa QR ulioko pembeni apate maelezo zaidi. Askani na nini, na simu yake ni ya vitufe? Maandishi yanayopita chini yamebanwa mpaka mimi mwenye miwani nayasoma kwa tabu, na kasi ya kusoma ni ya mtu anayekimbizwa.

Huyu ni mtu aliyetoa pesa mfukoni kununua king'amuzi mwaka 2015 analogi ilipozimwa, ili asikose taarifa. Ndiye mtazamaji wenu wa kila siku ya Mungu. Ndiye mliyemwona mzigo.

Najua pia nyuma ya pazia kuna pesa. Matangazo ya biashara yamehamia kwenye simu, na wenye matangazo wanaopenda kuonekana na vijana wanabembelezwa. Lakini nani analipa karo? Nani ananunua unga na gesi ya nyumba, nani anaweka tokeni za stima? Kuna mzee mzima yeyote aliyeulizwa anataka nini kabla ya studio kupakwa rangi mpya?

Sina ugomvi na hao watangazaji wapya, wamepewa kazi wanaifanya. Catherine Kasavuli naye alikuwa bado hajafika miaka 30 KTN ilipoanza mwaka 1990 na yeye akawa uso wake. Hakuna aliyemkataa kwa ujana, kwa sababu kazi aliijua. Mwaka 2021 KBC, shirika la utangazaji la taifa, ikamrudisha mezani, na mnakumbuka furaha iliyokuwepo. Alifariki mwishoni mwa 2022. Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana, kuanzia 1966, alisikilizwa na babu, mtoto na mjukuu kwa zaidi ya nusu karne, sauti ile ile.

Na wanawake ndio wanaoondolewa kwanza. Si kwetu tu. Kanada, Agosti 2022, kituo cha televisheni cha CTV kilimwondoa msomaji wake wa taarifa Lisa LaFlamme akiwa na miaka 58, baada ya kuacha kupaka nywele rangi, na gazeti la The Globe and Mail liliripoti kuwa mkubwa mmoja alihoji nani aliyeruhusu mvi zile. Mwanamume aliyemtangulia kwenye kiti hicho alikaa mpaka miaka 77. Hapa kwetu mvi za mwanamume zinaitwa tajiriba. Za mwanamke zinaitwa "mabadiliko ya hadhira".

Ninachotaka si kikubwa. Msomaji anayeondoka apewe nafasi ya kuaga watu aliowasomea miaka yote hiyo. Bei na takwimu zisomwe kwa sauti, zote. Mkongwe na kijana wakae meza moja, mmoja ajifunze kwa mwenzake. Na tafadhali, kasi ipungue.

Kama kuna mdau hapa aliyewahi kufanya kazi chumba cha habari, atuambie: uamuzi wa kumtoa msomaji kwa sababu ya umri hufanyika kikao gani, na takwimu za watazamaji wanazoletewa pale mezani zinamhesabu mtu wa miaka 70, au zinakomea 35?