Mzee auze kiwanja dogo akasome masta ya sosholojia? Tujadili

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza digrii ya sosholojia mwaka juzi, usaili wa uafisa maendeleo ya jamii kaenda mara mbili hola, sasa anataka mzee auze kiwanja akasome masta ya hiyohiyo sosholojia. Nyumbani hapakaliki. Mjomba anasema angesoma PCB angepata hata Samia Scholarship, si ilianza 2022 kwa watoto wa sayansi, hao kina Durkheim na Weber, magwiji wa sosholojia, wamemlisha nani.

Mjomba nampinga, na dogo pia nampinga.

Mimi nimekusanya data vijijini miaka 6. Kuna mradi wa barabara huko kusini, mthamini wa fidia kapita kahesabu mikorosho, kaandika jina, kasepa. Mikorosho kaipanda mjane na marehemu mumewe, ila jina lililoandikwa ni la shemeji maana ndiye aliyekuwa kasimama pale na mwenyekiti wa kijiji, fidia ikaingia kwake. Aliyekuja kuligundua ni dada mmoja wa sosholojia, hakukaa ofisini kwa mtendaji, alienda kisimani na wanawake akauliza tu "kwenye lile shamba nani anapalilia?" Injinia haulizi hivyo jamani. Na kazi hizo zipo, mradi wa Benki ya Dunia ukihamisha watu lazima uwe na mpango wa kuwahamisha, bomba la mafuta la Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga nalo, kilomita 1,443, unadhani kaya zote zile zilihojiwa na mafundi wa kuchomelea?

Ila yule dada masta kaenda baada ya miaka 4 ya vumbi. Dogo nimemuuliza tasnifu utaandika kuhusu nini, kanijibu "itategemea na supervaiza". Kiwanja kiuzwe kwa itategemea? Aanze field kwanza.

Mchangiaji wa 2: Mkuu unamtuma field, field ipi? Sisi wa miradi ya UKIMWI, Januari 2025 Trump kasimamisha misaada, wiki ileile tunarudisha laptop na vishikwambi. Sasa hivi tuna masta zetu tunagombania vibarua vya udadisi, kuhoji watu kwa dodoso siku 10, na madogo wa bachela. Huyo wako atapenya wapi? Bora asome, walau aombe uhadhiri.

Mchangiaji wa 3: Asome masta ila ya takwimu au demografia. Sosholojia anayo tayari, kuirudia ya nini.

Mleta mada: Namba 2 pole sana ndugu yangu, lakini uhadhiri sahau, chuo kinataka GPA ya 3.8 ya digrii ya kwanza na dogo ana 3.4. Hizo siku 10 ndizo ninazotaka aanze nazo, abebe dodoso juani aone mtu anavyokudanganya huku anakukaribisha uji. Namba 3 umenigusa, tatizo hesabu alikimbia tangu form two.

Mnunuzi wa kiwanja anakuja kesho saa 4 asubuhi, mwenye hoja aishushe usiku huu.