Tupeane uzoefu: sahani gani Dar imekufanya uvuke jiji zima kuifuata?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Kila nikipita Masaki, Mikocheni au Goba nakuta mgahawa mpya: taa za kuning'inia, ukuta wa majani ya plastiki wa kupigia picha, menyu nene kama daftari la hesabu. Ukimuuliza mtu aliyekwenda, anakwambia "pako poa". Poa kivipi? Humu naomba tutaje sahani. Ulikula nini, na ungerudi kwa nauli yako mwenyewe?

Naanza mimi. Nakaa Mbagala, na nimeshapanda daladala usiku kwenda mjini kwa ajili ya kuku wa sekela tu, pale Mamboz, kona ya Morogoro na Libya. Meza ziko barabarani, moshi wa mkaa unakuingia mpaka kwenye shati, kuku anakuja amelowa rojo la ndimu na pilipili. Unakula kwa mkono mmoja, wa pili unafuta jasho. Kesho yake ofisini bado vidole vinanuka, na sijutii.

Mtu wa Upanga

Mimi ni wa Kisutu, K-T Shop, mix na chai ya maziwa. Si pageni, najua mada ni migahawa mipya, lakini nimehama Upanga niko Kimara sasa na bado narudi. Viazi, bajia, rojo la ukwaju, chatne, na vile vichenga vya muhogo juu vinavyotakiwa kuliwa haraka kabla havijalegea.

Mzenji wa Ilala

Hiyo mix yenu si urojo wetu wa Zanzibar. Nasema tu.

Mtu wa Upanga

Nani kasema ni urojo? 😂

Mkwe wa Kihaya

Yangu ni ya aibu kidogo. Mama mkwe alikuja kutoka Bukoba, nikataka kumwonyesha jiji. Nikampeleka Addis in Dar kula cha Kiethiopia. Ikaletwa sinia moja kubwa imetandikwa injera, juu vilima vya mchuzi: wa dengu, wa kuku, mboga. Mama akatazama pande zote, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sahani ziko wapi?" Nikamwambia unakula na sahani yenyewe. Akamega kipande, akatafuna taratibu. "Chapati ya maji iliyochacha." Nikajua nimekwisha. Ila dengu ile aliimaliza, akaanza na upande wangu. Mpaka leo akipiga simu ananiuliza kama "wale wa chapati iliyochacha" bado wapo.

Niliwahi kuwa Muscat

Naomba niwaeleze kuhusu mandi, maana naona sasa kila mtaa kuna bango la mandi na watu wanadhani ni pilau yenye jina la Kiarabu.

Nimefanya kazi Muscat miaka 4. Ijumaa baada ya swala tulikuwa tunachanga, watu watano sinia moja, tunakaa chini. Mandi ni chakula cha Wayemeni, asili yake Hadhramaut. Tanuri linachimbwa chini, makaa yako chini kabisa, sufuria la mchele linawekwa humo, nyama inawekwa juu yake. Mdomo wa tanuri unazibwa mvuke usitoke. Mafuta na maji ya nyama yanadondoka polepole kwenye wali. Kwa hiyo wali wa mandi haupikwi kwa mchuzi, unanyeshewa.

Niliporudi Dar nilijaribu sehemu tatu. Mbili wali ulikuwa wa njano safi, unameremeta, nyama laini, lakini ukinusa wali hakuna nyama ndani yake. Walipika kila kimoja jikoni kwake wakakutanisha kwenye sinia. Ya tatu, jirani na Kariakoo, nilijua kabla sijaonja: punje moja nyeupe, ya pili njano, ya tatu ina kahawia ya mafuta, na moshi kwa mbali. Mbuzi anaachia mfupa ukimgusa. Pembeni ile pilipili ya nyanya mbichi ya kusaga. Nilikaa kimya dakika kama 10, mke wangu akadhani naumwa.

Ushauri: msiende wawili mkaagiza sahani sahani. Nendeni wanne, agizeni sinia.

Dada wa Sinza

Mimi nina kilio. Birthday yangu mwaka huu tulienda sehemu mpya Masaki, jina nalihifadhi. Kamba wa pasta 38,000. Wakaja sita, nimewahesabu. Bili inakuja, kuna VAT asilimia 18 juu, na huduma asilimia 10 juu. Kwenye menyu chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, wameandika bei hazijajumuisha kodi. Mhudumu tunamuuliza anatabasamu tu. Nikalipa kwa lipa namba huku mkono unatetemeka. Tukapitia Coco Beach kula mihogo na ukwaju, hapo ndipo birthday ilipoanza.

Mpishi wa zamu ya usiku

Dada wa Sinza pole. Mimi niko jikoni, mwaka wa 9 sasa, tena huko huko Masaki, kwa hiyo nitasema kidogo.

Mkifika sehemu mpya hesabuni menyu. Sahani 80, jiko lina wapishi wanne: nusu yake iko kwenye friza. Hao kamba wako sita walilala huko wiki nzima, si ajabu. Muulize mhudumu leo samaki gani katoka Feri, pale soko la samaki. Akitaja jina, changu, kolekole, nguru, agiza. Akisema "samaki wote wapo", agiza kuku.

Na kitu kingine: makange. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya baa, lakini ndiyo nawapimia wapishi wapya wanaokuja kuomba kazi. Kuku ameshakaangwa, ni mkavu. Karai liwe moto hasa, kitunguu kikubwa na hoho viingie vikiwa vipande vya kuonekana, nyanya, pilipili, ndimu mwishoni. Dakika tatu. Akizidisha, hoho zinalala na unapata mchuzi wa kuku. Akiwahi, kitunguu kinakuwa kibichi. Hoho ikilia kati ya meno na rojo limeshika nyama, huyo namwambia aje Jumatatu.

Sehemu ya kula makange nzuri? Sinza, baa yoyote yenye foleni ya bodaboda saa tatu usiku. Bodaboda hawapotezi hela.

Kijana wa Manzese

Mnataja sinia na VAT. Pweza wa kwenye meza ya mbao, kipande kwa kijiti, supu kwenye kikombe, pilipili mpaka masikio yazibe. Buku mbili umemaliza.

Mkwe wa Kihaya

Na ile supu unainywea nini hasa? 👀

Kijana wa Manzese

Kiu.

Mtoa mada

Nimecheka kwenye daladala mpaka konda kaniangalia. Sasa huyu wa Muscat katuharibia usingizi. Ile ya jirani na Kariakoo, Jumamosi saa saba mchana, sinia la watu wanne. Niko mimi, mpishi kama zamu inaruhusu, na yeye mwenyewe atuongoze. Nafasi imebaki moja.

Mzenji wa Ilala

Mimi. Lakini tukimaliza tusipitie Kisutu.