Ukoo wa Jongowe, kisiwani Tumbatu: mboga juu ya jiwe

Mwanakombo: Assalaam alaykum nyote. Shangazi Mize, shikamoo. Tazama picha hiyo, mchicha wangu umekauka ncha zote, pembeni kama umepitishwa motoni. Maji namwagia asubuhi na jioni.

Shangazi Mize: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Maji ya wapi?

Mwanakombo: Ya kisimani. Ya bomba hayajatoka tangu juzi.

Shangazi Mize: Basi ni chumvi. Angalia juu ya udongo, hauna ukoga mweupe?

Mwanakombo: Upo! Nami nikadhani chokaa ya mawe.

Shangazi Mize: Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kila siku unaiongeza. Usimwagie juu ya majani tena, mwagia shinani, jua likishapoa. Na ukipata maji matamu, yasiyo chumvi, yamimine mengi kwa mara moja mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, chumvi ishuke nayo. Dumu ulilopandia umelitoboa?

Mwanakombo: Tundu moja tu.

Shangazi Mize: Toboa mengine, na utandaze kokoto chini.

Kaka Makame: Tia na majivu, Mwana. Huku ng'ambo, Mkokotoni, tunatia.

Shangazi Mize: La, Makame, usimwambie majivu! Nyinyi huko mna udongo wa kulimia. Hapa Tumbatu jiwe lenyewe ni la matumbawe, chokaa tupu, na udongo anaoukwangua Mwana baina ya mawe umejaa chokaa hiyo hiyo. Majivu yanaizidisha. Hapo utaona majani machanga yanageuka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Madini ya chuma yamo, ila mzizi hauwezi kuyavuta. Inaniuma kuona mtu anang'oa bustani nzima akidhani ardhi yake haina baraka. Mwana, tia samadi iliyooza na majani makavu, tena kwa wingi.

Mjomba Haji: Msikilizeni dada. Upepo wa kusi ukikaza hivi chombo hakivuki, na kikivuka tungule, yaani nyanya, zinafika zimepondeka. Samaki tunao, cha kutilia mchuzini hatuna. Kila ua ukiwa na madumu matatu manne, watoto watakula mboga kila siku.

Mwanakombo: Kweli mjomba. Na mwani uliotupwa pwani, unafaa kwa mbolea?

Shangazi Mize: Unafaa sana, ila uoshe kwa maji matamu au uuache upigwe na mvua kwanza. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani hali kadhalika, yale yamekunywa bahari.

Wifi Zuhura: Shikamoo wifi Mize. Mie niko mjini, ghorofani Michenzani, nina kibaraza tu. Kotmiri yangu inaota kidogo halafu inatoa maua.

Shangazi Mize: Marahaba. Hilo joto. Kotmiri ipande sasa, kusi hili kuna ubaridi. Kaskazi la joto likiingia itakimbilia maua hata hujachuma. Mbegu usiifukie nzima: ile punje ni mbegu mbili zimeshikana, isugue kwa chupa igawanyike, iroweke usiku kucha. Weka penye jua la asubuhi tu.

Wifi Zuhura: Na mrehani?

Shangazi Mize: Huo unapenda jua. Kata ncha kila mara, utatanuka. Ukitaka wa kikuba, kile cha kujipamba, acha shina moja litoe maua.

Mwanakombo: Shangazi, nipande na maharage?

Shangazi Mize: Kwa maji hayo, hapana. Maharage chumvi inayaua mapema. Kaa na mchicha. Ila miche ikiwa michanga ipe maji matamu tu. Weka pipa chini ya bati, hata manyunyu ya kusi yanajaza. Na upande wa bahari simamisha kuti, upepo nao unaleta chumvi.

Mwanakombo: Kuti nitasimamisha leo. Kaka Makame, nakuomba kiroba cha samadi.

Kaka Makame: Chombo kikivuka kesho, inshaallah. Ya ng'ombe au ya mbuzi?

Shangazi Mize: Yoyote, muradi imeoza. Ikiwa bado ina moto, usilete.